Kipimajoto kilisoma 33, vifaranga 112 wakafa: uzi wa bruda kwa wafugaji wa Tabora na Kigoma

Mlezi wa Isevya (mtoa mada)

Wakuu, mwangaluka.

Nimekuwa msomaji tu humu kwa muda mrefu, leo naleta uzi wangu wa kwanza. Ni mrefu, mwenye bando la kuunga unga asome kwa zamu.

Nipo Isevya, Tabora mjini. Nachukua vifaranga chotara wa siku moja, nawalea mpaka wiki ya nne au ya tano, halafu nawauza kwa watu wanaoogopa kulea wenyewe. Kwa hiyo bruda, yaani sehemu ya kulelea vifaranga kwa joto, ndiyo shamba langu na ndiyo duka langu.

Mara ya kwanza nilichukua vifaranga 300. Ilikuwa Juni. Wa Tabora mnaijua Juni yetu, mchana unatafuta kivuli cha mwembe, usiku unatafuta blanketi la pili, alfajiri joto linashuka hadi nyuzi 15 hivi. Nilijiona nimejiandaa. Chumba cha uani, sakafu ya saruji nimeipiga deki kwa dawa, magazeti juu yake, majiko mawili ya mkaa, na kipimajoto kipya nimekitundika kwenye msumari ukutani. Majiko niliwasha saa kumi jioni, vifaranga wakaingia saa kumi na moja. Saa moja usiku kipimajoto kinasoma 33. Nikaenda kulala nikijiita mfugaji.

Asubuhi 19 chini, wamelaliwa na wenzao kwenye kona. Siku ya pili wengine 38. Nikakimbilia duka la dawa za mifugo nikauziwa antibayotiki, kesho yake nikarudi nikauziwa nyingine ya bei zaidi. Siku ya tano nilikuwa nimezika 112.

Ndipo nikamwita mtaalamu wa mifugo. Akapasua watatu mbele yangu. Ndani ya tumbo kiini cha yai bado kipo, kimevimba, kimeanza kunuka. Kile kiini ndicho akiba anayotoka nayo kwenye yai, na kwa siku tano kinatakiwa kiwe kimekwisha au kimebaki kitu kidogo sana. Kifaranga akipigwa baridi siku za mwanzo, kiini hakifyonzwi, kinaoza ndani. Dawa zangu zote zilikuwa zinapita pembeni.

Aliniuliza swali moja tu. "Kipimajoto ulikiweka wapi?" Nikamwonyesha msumari, usawa wa kifua changu. Akakichukua akakiweka chini, usawa wa mgongo wa kifaranga. Tukakaa kama dakika kumi. Nyuzi 24.

Yaani usiku ule wote nilikuwa namwotesha moto mtu aliyesimama. Hewa ya moto inapanda juu, saruji chini inanyonya, na kifaranga ana urefu wa vidole vinne tu. Yeye anaishi sakafuni, na sakafuni sikuwa nimepima.

Sasa nafanya hivi.

Siku hizi naanza na sakafu. Namwaga maranda unene wa sentimita 7 au 8. Tabora maranda hayana shida, kila kona kuna fundi anapiga randa mbao. Wa Igunga na Nzega mna maganda ya mpunga kwenye mashine za kukoboa, nayo yanafaa. Usichukue vumbi la msumeno. Kifaranga mgeni hajui chakula ni kipi, atalidonoa mpaka gole (kifuko cha chakula chini ya shingo) lijae vumbi, na linalobaki linapeperuka linaingia puani.

Kisha nawasha moto siku moja kabla, bila kifaranga hata mmoja ndani. Mke wangu mwanzoni aliniona nimechanganyikiwa, kuchoma mkaa kulinda maranda. Lakini saruji haipati joto kwa saa moja. Nachomeka mkono kwenye maranda mpaka kiganja kiguse saruji. Nikisikia ubaridi, wageni hawaingii, hata kama basi limeshafika stendi.

Kuwazuia wasitawanyike mbali na moto, natumia silingibodi, zile mbao nyembamba za dari. Hesabu yake ni nyepesi. Silingibodi moja ni futi 8 kwa 4. Ikate katikati kwa urefu, unapata vipande viwili vya futi 8 kwa 2. Viunganishe kwa waya, unapata duara la kama mita moja na nusu kutoka upande hadi upande, linatosha vifaranga 100 kwa wiki ya kwanza. Mbili zinakupa duara la karibu mita tatu, hapo weka 300 bila wasiwasi. Lazima liwe duara. Kona ndiyo iliyoua 19 wangu wa kwanza, wakisikia baridi wanasukumana humo na wa chini hatoki.

Moto natumia vyungu vyenye matundu ubavuni na mfuniko, nimevipandisha juu ya matofali. Viwili hata kama vifaranga ni 100, ili kimoja kikitoka kuongezwa mkaa kingine kiwe kinafanya kazi. Mkaa unawashiwa NJE. Unaingia ndani ukiwa mwekundu wote, hauna moshi, hauna kipande cheusi.

Kipimo, wiki ya kwanza nyuzi 33 hadi 35 usawa wa mgongo wa kifaranga, pembezoni mwa chungu. Kila wiki unashusha kama nyuzi 3 mpaka ufike 21 hivi, hapo manyoya yameshaota. Ila siku hizi kipimajoto nakiangalia wakati wa kuwasha tu. Baada ya hapo nawaangalia wenyewe. Wakijikusanya kwenye chungu wakilia kwa sauti kali, ni baridi. Wakikimbilia kwenye silingibodi, midomo wazi, mabawa yameachana na mwili, ni joto. Wakijazana upande mmoja tu, kuna upepo unaingia upande wa pili. Wakitawanyika, huyu anakula, yule kalala kifudifudi kanyoosha shingo kama amekufa (usishtuke), hapo nenda kalale.

Maswali karibuni. Picha nitaweka nikipata mtandao wa maana.

---

Nyundo Kavu

Nimekaa paleee na kiti changu.

---

Jembe Butu

Mkuu hongera kwa uandishi, ila ninyi watu wa mjini mnapenda kuhangaika. Bibi yangu pale Sikonge amelea kuku miaka yote bila kipimajoto, bila silingibodi, bila hesabu za duara. Vifaranga wanatembea na mama yao chini ya miembe, jioni wanaingia jikoni. Hao chotara wenu ni mayai yenye miguu.

---

Mama Shani Ipuli

Jembe Butu mwanangu, kuku mwili wake una joto la nyuzi 41 hivi, na anakaa juu yao usiku kucha. Bibi yako alikuwa na bruda, tena ya manyoya, inajiwasha yenyewe. Mwambie akupe vifaranga 300 bila mama uone.

Ila hajakosea kabisa. Mimi hutumia matetea pia. Wakiwa wanaatamia watatu kwa wakati mmoja, wakiangua nawahamishia vifaranga wote kwa mmoja mwenye upendo, usiku gizani, asubuhi anaona ni wake. Wale wawili wanarudi kutaga mapema. Tetea mkubwa anafunika 15 mpaka 20. Zaidi ya hapo wa pembeni wanabaki nje ya bawa, na wa pembeni ndio wanaokufa. Kwa hiyo kwa mtu wa vifaranga 30, jamani, tafuteni matetea mawili, mkaa mpikie maharage.

---

Jembe Butu

Mama umenimaliza. Nanyamaza, naendelea kusoma.

---

Kibirizi Kwetu

Salamu kutoka Kigoma. Mtoa mada umeandika kitu kizito, ila ngoja niongeze upande wa huku ziwani, maana mtu wa Kigoma akifuata mkaa wako wa Juni atakula supu ya vifaranga.

Huku chini ziwani usiku hauna baridi kama ya kwenu. Shida yetu ni saa saba mchana chini ya bati. Mimi Oktoba nilipoteza 26 kwa siku moja, na majiko yalikuwa yamezimwa! Banda la bati bila dari, dirisha nimeziba kwa turubai kuzuia upepo, nikaenda mwaloni. Narudi nakuta midomo wazi, maji yamekwisha, walio hai wamebanana kwenye ukingo.

Nilichojifunza ni kwamba turubai lisifike juu. Acha nafasi ya mkono mzima kati ya turubai na paa, hewa chafu na joto vipitie hapo. Pili, moto usiwe katikati ya duara dogo kiasi kwamba hakuna pa kukimbilia. Kifaranga apewe uchaguzi, huku moto, kule poa, ajipangie mwenyewe.

Na jingine, dagaa. Watu wakisikia Kigoma wanajua dagaa ni wa bure. Mtu anatwanga anachanganya kwenye pumba anawapa wa siku tatu. Angalieni mambo mawili. Dagaa walioanikwa chini wana mchanga mwingi, unalipa kilo unapata nusu kilo. Na wengine wametiwa chumvi ili wasioze. Chumvi nyingi inaua kifaranga, anakunywa maji kama mlevi, anaharisha, anaanguka. Onja kwa ulimi wako kabla ya kununua. Kwa wiki za kwanza mimi nanunua stata (chakula cha vifaranga) ya dukani, dagaa naanza kuchanganya baadaye.

---

Mlezi wa Isevya

Kibirizi Kwetu asante sana, hiyo ya turubai kuacha nafasi juu nimeisahau kwenye mada na ni muhimu kuliko nusu ya nilivyoandika. Kwa anayetumia mkaa, ile nafasi siyo ya joto tu. Ni ya uhai.

---

Zamu ya Usiku

Ngoja niseme wazi kwa sababu watu hupita juu juu. Mkaa ukiungua ndani ya chumba kilichozibwa unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Vifaranga wanaanza kusinzia, unadhani wameshiba. Binadamu anasinzia vilevile.

Mwaka juzi kijana wangu wa kazi aliamua kulala humo bandani ili awe anaongeza mkaa bila kutoka kwenye baridi. Nilimkuta alfajiri anatapika, kichwa kinampasuka, miguu haimbebi. Tulimtoa nje akapata hewa, tukamkimbiza hospitali, akapona. Vifaranga 70 hawakuamka.

Msilale na jiko. Wala mtoto asitumwe kulala na jiko. Weka alamu ya simu kila baada ya saa tatu, lala chumbani kwako, amka.

---

Chumvi Kidogo

Mimi nina umeme, mkaa sitaki. Bruda ya umeme ikoje?

---

Mlezi wa Isevya

Umeme ni msafi kuliko mkaa, hilo halina ubishi. Kuna zile balbu nyekundu za wati 250, moja inahudumia vifaranga 70 hadi 100 kutegemea chumba kina baridi kiasi gani. Unaining'iniza kwa mnyororo au waya (siyo kwa waya wake wa umeme!), unaanza kama nusu mita kutoka kwenye maranda, ukiona wanakimbia unaipandisha. Maranda yanashika moto, kwa hiyo ifungwe sehemu mbili, mmoja ukikatika wa pili ushike.

Ila umeme ukikatika saa nane usiku hujui. Kwa hiyo chungu kiwepo na mkaa uwepo, hata kama hukuvitumia mwezi mzima.

---

Mgeni Urambo

Wakuu samahani kwa kuingilia. Nipo Urambo. Nimeagiza vifaranga 100 kutoka Dar, wamepakiwa leo asubuhi, kesho jioni wanakuwa Tabora mjini na mimi nitawafuata. Banda nimemaliza wiki iliyopita. Nimefunga balbu nne za LED za wati 15 kwa ajili ya joto. Nilikuwa najiona niko vizuri mpaka nilipokutana na uzi huu. Niko sawa?

---

Fundi Mwanga

Hapana mkuu! LED na zile za kubana matumizi hazipashi joto la maana, ndiyo maana zinaitwa za kubana matumizi. Balbu zilizokuwa zinapasha ni zile za zamani zenye waya ndani, wati 60 au 100, ambazo ukiishika inakuunguza. Siku hizi kuzipata ni kazi. Balbu zako nne zitawapa mwanga mzuri wa kufia.

---

Mlezi wa Isevya

Fundi Mwanga, taratibu, mtu ana vifaranga njiani.

Mgeni Urambo, usiogope, una saa 24 na zinatosha. Balbu moja ya LED iache, ina kazi. Siku tatu za kwanza wanahitaji mwanga usiku kucha ili waone chakula na maji. Chungu kinatoa joto hakitoi mwanga, na gizani wanalala tu, wanaamka dhaifu.

Leo hii, kabla duka halijafungwa, tafuta silingibodi moja, vyungu viwili au majiko mawili madogo ya udongo, magunia mawili ya maranda, drinka (vyombo vya kunyweshea) mbili za lita nne, kipimajoto. Usiku huu washa. Sakafu yako ni ya nini?

---

Mgeni Urambo

Saruji. Maranda nilikuwa nayo, nimeweka kama sentimita mbili nikaona yanatosha.

---

Mlezi wa Isevya

Ongeza mara nne ya hapo.

---

Mama Shani Ipuli

Na juu ya maranda, siku mbili tatu za kwanza tandika karatasi ya boksi ile yenye mikwaruzo, umwage stata kidogo juu yake. Wakitembea wanasikia kelele ya chakula chini ya miguu, wanadonoa. Gazeti usitandike, linateleza. Mguu mmoja ukienda huku na mwingine kule, kifaranga hasimami tena.

Maji yawe ya uvuguvugu, siyo ya kutoka kwenye mtungi. Wametoka safari ndefu, wachanganyie glukosi kwa saa za kwanza. Kama duka halina, sukari ya nyumbani, vijiko viwili vya chakula kwa lita. Wapokee mmoja mmoja, ingiza ncha ya mdomo kwenye maji, mwachie. Mia moja ni kazi ya nusu saa. Ukiona amemeza, huyo ameshajua njia.

---

Jembe Butu

Hawa wamekaa bila chakula tangu Dar mpaka Tabora? Siyo ukatili?

---

Mlezi wa Isevya

Kile kiini nilichokizungumzia juu ndicho kinachowasafirisha. Kinaweza kuwabeba siku mbili, hata tatu. Kinachowaua njiani ni buti la basi lisilo na hewa, au maboksi yaliyopangwa mpaka matundu yakazibana. Mgeni, ukipokea boksi lako hapo stendi usilifungue kwenye upepo. Chungulia tu, sikiliza. Mlio mwembamba wa kuongea ongea ni mzuri. Kimya siyo kizuri.

---

Mgeni Urambo

Saa tatu usiku, siku ya pili. Nimefika nao. Boksi lina vyumba vinne, kila chumba 25, na wameongeza wawili. Wawili wamekufa njiani kwa hiyo hesabu imerudi 100 kamili. Bruda niliwasha tangu jana saa tano usiku. Mkono kwenye saruji unasikia joto. Kipimajoto chini kinasoma 34. Nimewanywesha mmoja mmoja, mke wangu anacheka anasema nimekuwa padri, nabatiza.

---

Mgeni Urambo

Saa nane usiku. Kuna mtu macho? Wamejazana wote upande wa kushoto, hata siyo karibu na chungu. Kipimajoto bado 33. Wanalia.

---

Zamu ya Usiku

Nipo. Upande wa kulia kuna nini, mlango?

---

Mgeni Urambo

Ndiyo, mlango.

---

Zamu ya Usiku

Piga magoti weka shavu chini hapo, karibu na maranda. Unasikia upepo?

---

Mgeni Urambo

Dah. Upepo unapita chini ya mlango kama mtu anapuliza filimbi. Ukiwa umesimama huusikii kabisa. Nimekunja gunia nimeziba.

Saa nane na dakika arobaini. Wameanza kusambaa.

---

Zamu ya Usiku

Juu kumebaki wazi?

---

Mgeni Urambo

Juu wazi, nafasi ya mkono kama alivyosema ndugu wa Kigoma.

---

Mlezi wa Isevya

Nimeamka nimekuta mambo yamekwisha, Mungu awabariki. Mgeni, sasa hivi asubuhi fanya jambo moja. Kamata vifaranga 20 kutoka pande tofauti, siyo wale waliokusogelea tu. Papasa gole kwa vidole, chini ya shingo. Linatakiwa lijae na liwe laini kama uji uliopoa. Gumu, amekula hajanywa. Kama kipovu cha maji, amekunywa hajala. Tupu, hajajua chakula kiko wapi. Kwa saa walizokaa, kati ya 20 tegemea 17 au zaidi wamejaa. Kesho muda kama huu wanatakiwa karibu wote.

---

Mgeni Urambo

18 laini. Wawili tupu, nimewasogeza kwenye chakula nikagonga gonga kwa kidole kama mdomo wa mama yao. Mmoja ameanza.

---

Mama Shani Ipuli

Umeshakuwa tetea.

---

Asali Mbichi

Swali nje kidogo ya mada. Wangu wana siku nne, kinyesi kimeganda matakoni kama gundi, wanashindwa kujisaidia. Wanaharisha nyeupe?

---

Mlezi wa Isevya

Kuna mambo mawili hapo. Kama ni wachache na wamechangamka, mara nyingi ni joto limepanda na kushuka, au wamechelewa kupata maji. Lowesha pamba kwa maji ya moto kiasi, laini laini, usibandue kwa nguvu utamchuna. Mkaushe ndipo arudi. Kama ni wengi, wamejikunyata, na wanakufa kila siku, huo unaweza kuwa ugonjwa wa kuhara nyeupe, na mwingine hutoka kwa kuku mama kupitia yai. Mpeleke mmoja aliyekufa karibuni kwa mtaalamu apasue. Usianze na antibayotiki kama mimi.

---

Kibirizi Kwetu

Na chanjo jamani, tusisahau. Siku ya 7 kideri, siku ya 14 gumboro, siku ya 21 kideri tena, siku ya 28 gumboro tena. Ndivyo ninavyofuata mimi. Ndui baadaye, wiki ya sita au ya saba, kwa kuchoma kwenye bawa.

---

Mlezi wa Isevya

Kwa watu wa Tabora mjini hapo kuna mtego. Tangu tulipoanza kupata maji ya Ziwa Victoria bombani, ni maji safi yenye dawa ya klorini. Chanjo ya kwenye maji ni kirusi hai aliyedhoofishwa, klorini inamuua kabla kifaranga hajanywa. Unachanja, unatia tiki kwenye daftari, na gumboro inaingia kama kawaida. Tumia maji ya kisima au ya mvua. Kama una ya bomba tu, yakinge kwenye ndoo wazi yalale usiku kucha, na kabla ya kutia chanjo koroga maziwa ya unga yasiyo na mafuta, gramu 2 au 3 kwa lita moja. Wanyime maji saa moja au mbili kabla, ili wakipewa wanywe yote mapema. Asubuhi na mapema, siyo jua likiwa juu. Ile ya kideri ya matone ya jicho haina habari na maji, tone moja jicho moja, subiri apepese ndipo umwachie.

---

Nyundo Kavu

Wapo wanaotumia kinengunengu. Sanduku la mbao, upande mmoja chumba cha kulala chenye joto, upande mwingine wavu wa kushindia. Bwana mifugo wa kijijini kwetu alitengenezea kikundi cha akina mama. Mnalionaje?

---

Mlezi wa Isevya

Kwa vifaranga 50 kushuka chini ni zuri sana. Joto lao wenyewe linabaki ndani, mkaa unatumia kidogo au hutumii kabisa mchana. Ila lisafishwe kila siku. Maranda yakilowa kwenye sanduku dogo unapata harufu ya kuchoma macho ndani ya siku mbili, na koksidiosisi, ugonjwa wa kuhara damu, inapenda hapo. Ukiona kinyesi chenye damu wiki ya tatu, anza kwa kulaumu maranda.

Kanuni yangu ni kupiga magoti kila asubuhi, pua usawa wa kifaranga. Macho yakiniwasha, yeye anaumwa tayari. Halafu nageuza maranda, ya chini ya drinka nayatoa kabisa. Drinka ipande juu ya tofali kila wanapokua, usawa wa mgongo, la sivyo wanachezea maji.

---

Jembe Butu

Naona kila kitu kwenu ni kupiga magoti.

---

Mlezi wa Isevya

Ndiyo mkuu. Kule chini ndiko wanakoishi.

---

Asali Mbichi

Mrejesho. Walikuwa sita tu, nimewasafisha, wamechangamka. Drinka nilikuwa nimeweka mbali sana na moto, walikuwa wanaogopa kwenda. Nimeisogeza.

Swali la mwisho, siafu. Mvua zimeanza huku Kaliua.

---

Mama Shani Ipuli

Majivu, mwanangu, mzunguko mnene kuzunguka banda lote kwa nje, na uuongeze kila mvua ikinyesha maana yakilowa hayafai kitu. Kata nyasi hatua tano kutoka ukutani. Miguu ya kinengunengu iweke kwenye makopo yenye oili chafu. Siafu akiingia usiku, asubuhi unakuta mifupa tu. Na panya usimdharau, yeye hali hapo, anabeba. Ukiona idadi inapungua na maiti huzioni, huyo ni panya. Ziba matundu yote kwa wavu mdogo, tundu la kidole gumba linamtosha.

---

Mgeni Urambo

Wakuu, mrejesho. Leo siku ya 22. Nina 96. Wawili walikufa wiki ya kwanza, mmoja alikanyagwa na mimi mwenyewe (sitaki kuongea), mmoja sijui. Chanjo zote nimewapa kwa maji ya kisima. Duara nilikuwa nalipanua kila siku tatu, tangu siku ya 12 nikaunga kipande cha pili cha silingibodi, na juzi nimeitoa kabisa, chumba chote ni chao. Mchana siwashi chungu tangu wiki iliyopita. Jana usiku nimewasha kimoja tu, saa saba nikachungulia, wametawanyika hawana habari nacho.

Nizime moja kwa moja?

---

Mlezi wa Isevya

Manyoya ya mgongoni yamefunga, au bado unaona ngozi?

---

Mgeni Urambo

Mabawa na mkia tayari. Mgongoni kwa baadhi bado kidogo.

---

Mlezi wa Isevya

Basi wape wiki moja. Chungu kiwepo, ukiwashe alfajiri tu kuanzia saa tisa, huo ndio muda mbaya. Mvua ikinyesha usiku washa mapema zaidi. Mgongo ukifunga kwa wote, zima.

---

Mgeni Urambo

Sawa mkuu. Fundi wangu anaomba zile silingibodi, anasema zimebaki bure ananunua.

---

Mama Shani Ipuli

Usimpe. Zisugue kwa sabuni na dawa, zianike juani siku mbili, ziweke darini. Watu wa Urambo wakishaona hao 96, mwezi ujao utakuwa umeagiza 200.

---

Mgeni Urambo

Nimeshaagiza 300, mama. Nilikuwa naona aibu kusema.

---

Mlezi wa Isevya

Silingibodi mbili, vyungu vinne, drinka sita. Washa siku moja kabla.